Augusta Savage

Augusta Christine Savage (jina la kuzaliwa: Augusta Christine Fells, 29 Februari 1892 – 26 Machi 1962) alikuwa mchongaji sanamu na mwalimu wa sanaa kutoka Marekani. Anahesabiwa kati ya wasanii wakuu wa Mwamko wa Harlem, yaani vuguvugu la fasihi, muziki na sanaa la Wamarekani weusi lililostawi mjini New York katika miaka ya 1920 na 1930. Anakumbukwa kwa sanamu zake, hasa "Gamin" na "Kinubi", na pia kwa madarasa aliyoyaanzisha Harlem, ambamo vijana wengi weusi walijifunza kuchora, kupaka rangi na kufinyanga wakati ambapo vyuo vingi vya sanaa havikuwapokea.

Maisha ya awali

Augusta alizaliwa Green Cove Springs, mji mdogo katika jimbo la Florida, akiwa mtoto wa saba kati ya watoto kumi na wanne wa Edward Fells na mkewe Cornelia. Mji huo ulikuwa na udongo mzuri wa mfinyanzi, na tangu utotoni alikuwa akifinyanga bata, kuku na wanyama wengine wadogo. Baba yake, mhubiri wa Kimethodisti, aliona kazi hiyo kuwa ni kutengeneza sanamu zilizokatazwa na Biblia. Alimchapa mara kwa mara ili aiache, lakini binti hakuacha.

Aliolewa mwaka 1907 na John T. Moore, akamzaa binti yake wa pekee, Irene, mwaka uliofuata. Mume huyo alifariki baada ya muda mfupi. Baadaye aliolewa na seremala James Savage. Ndoa hiyo ilivunjika, lakini jina la Savage alibaki nalo maisha yake yote.

Mwaka 1915 familia ilihamia West Palm Beach, ambako udongo wa kufinyangia haukupatikana kwa urahisi. Augusta alikaa muda bila kufinyanga, hadi alipopata udongo kutoka kwa mfinyanzi wa vyungu wa hapo. Kati ya vitu alivyotengeneza ilikuwamo sanamu ya Bikira Maria, na inasimuliwa kwamba baba yake alipoiona moyo wake ulilainika. Mkuu wa shule aliyokuwa akisoma alimwomba awafundishe wenzake kufinyanga, akamlipa dola moja kwa siku. Hivyo alianza kufundisha kabla ya yeye mwenyewe kufundishwa na mtu yeyote.

Mwaka 1919 alionyesha kazi zake katika maonyesho ya wilaya ya Palm Beach, akapata zawadi ya dola 25. Msimamizi wa maonyesho hayo, George Graham Currie, alimhimiza aende New York kusomea sanaa.

Masomo New York

Savage alifika New York mwaka 1921 akiwa na dola 4.60 mfukoni. Barua ya Currie ilimpeleka kwa mchongaji Solon Borglum, naye akamwelekeza Cooper Union, chuo kilichofundisha bila ada. Kwa mtu wa hali yake hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa, kwa sababu masomo ya sanamu yana gharama nyingi hata ukiacha ada: udongo, plasta, vifaa, na nafasi ya kufanyia kazi.

Chuo kilikuwa na orodha ndefu ya watu waliokuwa wakingojea nafasi. Baada ya kazi zake kuonekana, alipokewa Oktoba 1921 na kutangulizwa mbele ya waombaji 142 waliokuwa kwenye orodha hiyo. Kozi ilipangwa kuchukua miaka minne, lakini alivuka hatua za mwanzo kwa muda mfupi sana na kuimaliza yote kwa miaka mitatu. Mwalimu wake mmojawapo alikuwa George Brewster, aliyekuwa fundi wa sanamu za nyuso za watu.

Miezi michache baada ya kuanza masomo alipoteza kibarua chake, akawa hana pesa ya pango wala ya chakula. Alikuwa karibu kuacha chuo. Walimu na wasimamizi walipojua hali yake, baraza la chuo liliamua kumlipia gharama za kujikimu ili aendelee. Wakati huohuo maktaba ya Mtaa wa 135, Harlem, alikokuwa akienda kujisomea, ilimwagiza sanamu ya kichwa na mabega ya mwanazuoni W. E. B. Du Bois. Baada ya hiyo alitengeneza pia sanamu ya Marcus Garvey.

Kukataliwa mwaka 1923

Mwaka 1923 Savage aliomba nafasi katika shule ya sanaa ya majira ya joto iliyokuwa katika jumba la kifalme la Fontainebleau, karibu na Paris. Serikali ya Ufaransa iliiunga mkono shule hiyo, na nafasi zilitengwa kwa wanafunzi wanawake kutoka Marekani. Waliochagua wanafunzi walikuwa kamati ya Wamarekani weupe. Walipotambua kwamba mwombaji ni mwanamke mweusi, walimkataa. Sababu waliyotoa ni kwamba wanafunzi weupe kutoka majimbo ya kusini wasingependa kusafiri na kuishi pamoja naye.

Watu wengi weusi wa wakati huo walikutana na majibu kama hayo wakanyamaza. Savage alilipeleka jambo hilo kwenye magazeti. Habari zilienea hadi nje ya Marekani, na watu mashuhuri, akiwemo mwanaanthropolojia Franz Boas, waliitaka kamati ijieleze. Kamati haikubadilisha uamuzi wake. Mjumbe mmoja tu, mchongaji Hermon MacNeil, alisikitishwa na uamuzi huo na akamkaribisha Savage kujifunza katika studio yake.

Tukio hilo lilimpa jina, lakini lilimletea hasara pia. Baadhi ya wenye majumba ya maonyesho walianza kumwona kuwa mtu wa kuzusha matata.

Oktoba 1923 aliolewa na Robert Lincoln Poston, aliyekuwa kiongozi katika chama cha Garvey. Poston alifariki mwaka 1924 akiwa melini, njiani kurudi kutoka Liberia. Mwaka 1925 Savage alipata nafasi ya kusoma Roma, Italia. Masomo yalikuwa bure, ila nauli na fedha za kujikimu zilimshinda, naye hakwenda. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba za kufulia nguo, na sehemu ya mshahara wake ilikwenda kwa wazazi na ndugu zake.

"Gamin" na masomo Paris

Karibu mwaka 1929 Savage alifinyanga sanamu ya kichwa cha mvulana wa Harlem, akimtumia mpwa wake kama kielelezo. Aliiita "Gamin", neno la Kifaransa lenye maana ya mtoto wa mtaani. Mvulana amevaa kofia iliyokaa upande na shati lenye mikunjo, na macho yake ni ya mtoto aliyekwisha kuona mengi. Katika picha na sanamu nyingi za Marekani za wakati huo watu weusi walionyeshwa kama vichekesho. Hapa alionekana mtoto halisi mwenye sura na tabia yake.

Sanamu hiyo ilimpatia ufadhili wa Mfuko wa Rosenwald, na watu wa kawaida walichanga fedha kwa ajili ya safari yake. Mwaka 1929, miaka sita baada ya kukataliwa, alikwenda Paris. Alisoma katika Académie de la Grande Chaumière, na kazi zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mji huo.

Ualimu Harlem

Savage alirudi New York wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ambapo wanunuzi wa sanamu walikuwa wachache. Mwaka 1932 alifungua Studio ya Savage ya Sanaa na Ufundi katika Mtaa wa 143, Harlem. Watoto na watu wazima walikaribishwa, hata wasio na fedha. Mwaka 1934 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupokewa katika Chama cha Kitaifa cha Wanawake Wachoraji na Wachongaji.

Mwaka 1937 aliwekwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Sanaa cha Jamii cha Harlem, kilichogharimiwa na mpango wa serikali wa kuwapa wasanii kazi. Hapo zilifundishwa fani nyingi, zikiwemo uchoraji, uchongaji na uchapaji wa picha, na wanafunzi walikuja kwa mamia.

Kati ya waliopita mikononi mwake ni wachoraji Jacob Lawrence, Norman Lewis na Gwendolyn Knight. Lawrence alipokuwa na umri wa miaka 20, Savage alimpeleka kuandikishwa katika mpango huo wa serikali, lakini aliambiwa kijana bado mdogo. Lawrence mwenyewe alikuwa amekwisha kulisahau jambo hilo. Mwaka mmoja baadaye Savage alimfuata, akamrudisha ofisini, naye akaajiriwa kama mchoraji. Lawrence alikuja kuwa mmoja wa wachoraji maarufu wa Marekani wa karne ya 20.

"Kinubi"

Savage aliagizwa kutengeneza sanamu kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1939. Alichukua wazo lake kutoka wimbo "Lift Every Voice and Sing" wa ndugu James Weldon Johnson na J. Rosamond Johnson. Alitengeneza kinubi chenye urefu wa karibu mita 5, ambacho nyuzi zake ni waimbaji weusi waliosimama kwa mstari, na sehemu yake ya chini ni mkono wa Mungu. Mbele yake kijana amepiga magoti akishika nota za muziki.

Sanamu ya udongo hutolewa kwanza kalibu, kisha hufanywa kwa plasta, na mwisho kwa shaba. Hatua hii ya mwisho ni ya gharama kubwa. "Kinubi" kilibaki cha plasta iliyopakwa rangi, kwa kuwa fedha za shaba hazikupatikana, wala mahali pa kukihifadhi. Maonyesho yalipofungwa mwaka 1940 kilivunjwa pamoja na majengo mengine. Kimebaki katika picha na katika nakala ndogo zilizouzwa kama kumbukumbu.

Miaka ya mwisho

Savage alikuwa ameacha ukurugenzi kwa muda ili amalize "Kinubi". Aliporudi alikuta nafasi yake imechukuliwa na mtu mwingine. Mwaka 1939 alifungua jumba lake la maonyesho kwa ajili ya wasanii weusi, lakini lilifungwa mapema kwa kukosa fedha.

Karibu mwaka 1945 alihamia Saugerties, mji mdogo kaskazini mwa New York. Huko alifuga kuku, akafanya kazi katika maabara, na kuwafundisha watoto sanaa. Alifariki kwa saratani tarehe 26 Machi 1962.

Urithi

Kazi nyingi za Savage zimepotea au kuharibika, kwa sababu hakuwa na fedha za kuzigeuza kuwa shaba. "Gamin" imehifadhiwa, na nakala yake moja iko katika jumba la makumbusho ya sanaa la Smithsonian mjini Washington. Nyumba na studio yake ya Saugerties imeorodheshwa kati ya mahali pa kihistoria pa Marekani tangu mwaka 2001.

Yeye mwenyewe aliamini kwamba urithi wake mkubwa utakuwa kazi za wanafunzi wake kuliko sanamu zake. Picha za Jacob Lawrence, Norman Lewis na Gwendolyn Knight zinaonyeshwa leo katika majumba makubwa ya sanaa nchini Marekani.