Alan Turing na Tarakimu Zinazoachwa

Bila shaka umewahi kuona karafuu kavu zikipimwa kituoni, kisiwani Pemba. Mizani huonyesha tarakimu chache tu. Sehemu ndogo sana za uzito hazionekani. Je, tarakimu zinazoachwa hupotea bure, au hurudi kutudhuru? Soma habari za mtu aliyelichunguza jambo hilo.

Alan Turing alizaliwa London, Uingereza, tarehe 23 Juni, 1912. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alisaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Wafumbuzi wengine wa Uingereza walihamia Kilindini, Mombasa, mwaka 1942, wakichunguza salamu za siri za Wajapani.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Turing aliingia katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, akabuni mpango wa kompyuta. Lakini kompyuta, kama daftari lako, ina nafasi chache za kuandikia kila namba.

Fanya hesabu hii. Gawa kilo 1 ya karafuu kwa watu 3. Utapata 0.333 na kuendelea, wala tarakimu hazina mwisho. Ukiandika 0.3 na kuzidisha kwa 3,000, utapata kilo 900. Ukiandika 0.333, utapata kilo 999. Jibu la kweli ni kilo 1,000. Kosa lilikuwa dogo, kuzidisha kumelikuza.

Wataalamu waliogopa jambo hilo katika milinganyo, yaani hesabu za kutafuta namba zisizojulikana. Milinganyo mingi ikipangwa katika jedwali, kila hatua hutumia jibu la hatua iliyotangulia. Mwaka 1943, Harold Hotelling wa Marekani alikadiria kwamba kosa laweza kukua mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezwa.

Turing na wenzake watatu wakajaribu wenyewe. Walifumbua milinganyo 18 kwa mashine za mezani, kazi iliyowachukua kiasi cha majuma mawili. Walipoyarudisha majibu katika milinganyo ya mwanzo, yalilingana vizuri ajabu.

Turing hakutosheka, alitaka kujua sababu. Katika makala aliyoitoa mwaka 1948, alionyesha kwamba hofu ile ilipita kiasi. Hata hivyo, alieleza kuwa iko milinganyo iliyo dhaifu: ukibadili namba moja kidogo tu, jibu hubadilika sana. Akatoa na kipimo cha kuutambua udhaifu huo. Vipimo vya namna hiyo vyatumika hata leo.

Turing alifariki tarehe 7 Juni, 1954, akiwa na umri wa miaka 41. Kompyuta za sasa bado huacha tarakimu, na mara nyingi namba uionayo kwenye kioo ni fupi kuliko ile iliyohifadhiwa ndani.

Nawe ufanyapo hesabu, usikate tarakimu mapema. Ngoja hadi hatua ya mwisho. Kisha lirudishe jibu lako mwanzoni, ulihakiki.