Taha Hussein, Kipofu wa Misri

Tulipopita Makindu, katika nchi ya Makueni, tulikaribishwa na mzee wa Kiislamu mwenye kijana asiyeona. Kijana amekwisha maliza skuli ya sekondari, na matokeo yake ni mazuri. Lakini baba yake asita kumpeleka chuo kikuu, achelea fedha kupotea bure. Twamwandikia mzee huyo, na wenzake walioko huku kwetu pwani, khabari za Taha Hussein.

Alizaliwa mwaka 1889 karibu na mji wa Maghagha, mtoto wa saba katika kumi na watatu. Akali mdogo macho yalimuuma, akatibiwa na kinyozi, na dawa ile ndiyo iliyompofua. Akahifadhi Qur'ani kijijini kwao, na mwaka 1902 akenda Azhar, ambako vipofu walikuwa na mahali pao tangu zamani. Ilimu ilisomeshwa kwa kusikiliza, na masikio hakuyakosa.

Chuo Kikuu cha Misri kilipofunguliwa mwaka 1908 akajiunga nacho, na mwaka 1914 akawa wa kwanza kupata udaktari hapo. Alipoomba kupelekwa Ufaransa wakubwa walisita kwa ajili ya upofu wake, naye hakuchoka kuomba. Huko alijifunza maandishi ya nukta yasomwayo kwa vidole, lakini haja kubwa ilikuwa mtu wa kumsomea. Akampata Suzanne, aliyemuoa mwaka 1917. Kwa macho hayo ya kuazima akaandika juu ya Ibn Khaldun, akapata udaktari wa pili.

Mwaka 1919 alirudi kusomesha chuo kikuu. Mwaka 1942 aliongoza Chuo Kikuu cha Alexandria, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu, akaondoa ada za sekondari.

Kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya mashairi ya Kijahiliya wanavyuoni walikipinga, nasi tu pamoja nao. Lakini kosa lile lilikuwa la rai, halikuwa la macho. Alifariki mwaka 1973.

Siku hizi kompyuta husoma kwa sauti, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa asiyeona haki ya kusoma, na Kitui pana chuo kikuu tangu mwaka 2013. Mzee ametuahidi kwenda huko na mwanawe, aulize mitihani ataiandika vipi.