Maisha ya Askofu Edward Steere, Mfano wa Kudumu katika Kazi

Katika mwaka huu wa Jubilei ni wajibu wetu kuwakumbuka waliotutangulia katika kazi ya Bwana. Miongoni mwao twapenda kusimulia habari za Askofu Edward Steere, aliyekuwa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati. Wengi wamjua kwa jina tu, kwa kuwa alijenga Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja. Lakini sisi twamsimulia kwa ajili ya jambo moja, nalo ni kudumu katika kazi hata kufikia kusudi lake. Tena mtu asidhani ya kuwa alizaliwa nalo jambo hilo, maana mwanzo wake haukuwa hivyo.

Edward Steere alizaliwa London, katika nchi ya Uingereza, mwaka 1828. Akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha London hata akapata cheo cha udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akahesabiwa katika mawakili. Lakini kazi hiyo hakukaa nayo. Kisha akaanzisha katika mji wa Tamworth undugu mdogo wa watu waliotaka kukaa pamoja kwa sala na kazi, nao haukudumu. Mwaka 1856 akapewa ushemasi, na mwaka 1858 ukasisi, akaoa mke mwaka uo huo. Akatumika katika mitaa ya Lincolnshire, kwanza Skegness, baadaye Little Steeping. Aliyemtazama siku zile angaliweza kusema kwamba huyu ni mtu wa kuanza na kuacha.

Sasa mwaka 1862 Askofu Mackenzie, Askofu wa kwanza wa Misheni, alikufa kwa homa karibu na mto Shire, na wenziwe kadha wa kadha wakafa pia. Akachaguliwa mahali pake William Tozer, rafiki yake Steere. Steere akafuatana naye mwaka 1863, na nia yake ilikuwa kumsindikiza rafiki yake kwa muda tu, kisha arudi kwao. Wakakaa kwanza juu ya mlima Morambala, wakaona mahali pale hapafai kwa makao ya Misheni. Wakaondoka, hata tarehe 31 Agosti 1864 wakafika Unguja.

Siku zile Unguja ilikuwa soko kubwa la watumwa wa pwani yote. Sultani Majid akawapa wageni hawa watoto watano wanaume, waliotwaliwa katika jahazi la watumwa, nao ndio wanafunzi wa kwanza wa Misheni. Mmoja wao, John Swedi, baadaye akawa shemasi. Lakini watu wazima wale wangewafundishaje watoto wale, hali hawajui kusema nao? Dr. Krapf alikwisha andika habari za Kiswahili cha Mombasa, ila Kiswahili cha Unguja kilikuwa na njia zake. Basi Steere akakaa chini kama mtoto wa darasa la kwanza. Kila siku aliuliza maneno kwa watu wa mji, akayaandika, akayasahihisha, akayauliza tena. Akasikiliza hadithi za wenyeji, akaziandika kama zilivyosimuliwa. Akaweka mashine ya kupigia chapa, akawafundisha vijana kupanga herufi, na kijitabu kikafuata kijitabu. Kazi ya namna hii haina sifa mbele ya watu, maana mtu apitaye barabarani haioni. Walakini bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 1868 akarudi Uingereza, kwa kuwa mtaa wake wa Little Steeping ulikuwa ukimngoja, na mkewe alikuwako huko. Hapa twawaomba wasomaji wetu wasimame kidogo. Kama mtu huyu angaliiacha kazi ya Unguja siku ile, nani angalimlaumu? Alikuwa amekaa muda mrefu kuliko alivyokusudia, na mtaa wake ulikuwa na haki juu yake. Lakini kuondoka mahali si kuacha kazi. Akiwa huko katika kijiji chake cha baridi, katikati ya wakulima wasiojua Unguja iko upande gani, aliendelea na karatasi zake za Kiswahili. Mwaka 1870 vikatoka vitabu viwili: kimoja cha kufundisha lugha, chenye sarufi na orodha ya maneno, na kingine cha hadithi za Waswahili. Vitabu hivyo vikawasaidia wageni wengi waliokuja nyuma yake, wala havikuandikwa kwa juma moja la bidii, bali kwa siku nyingi ndogo.

Kisha zikaja habari mbaya. Askofu Tozer aliugua, watenda kazi wengine walikufa, na mwaka 1872 kimbunga kikuu kikaipiga Unguja na kuharibu majengo ya Misheni. Mwaka uo huo Steere akarudi, ingawa mkewe hakuweza kuja kukaa naye. Tozer akajiuzulu mwaka 1873, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa Askofu katika kanisa la Westminster, London.

Kabla ya hayo, mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alikuwa amekubali kulifunga soko la watumwa. Misheni ikapata kiwanja kile kile, na siku ya Krismasi 1873 likawekwa jiwe la msingi wa kanisa. Steere mwenyewe ndiye aliyesimamia ujenzi. Alitumia mawe ya matumbawe na saruji, na dari akaifanya ya saruji iliyopindwa kama pipa, bila boriti. Wengi waliona shaka, wakadhani itaanguka miti ya kuishikilia ikiondolewa. Haikuanguka. Wenyeji husimulia pia kwamba siku moja Askofu aliposafiri, mafundi walisimamisha nguzo fulani juu chini, na aliporudi akaziacha, kazi ikaendelea. Hata leo nguzo hizo zimesimama vivyo hivyo. Kanisa likafunguliwa siku ya Krismasi 1879, baada ya miaka 6. Altare iliwekwa mahali panaposemwa kuwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa.

Wala katika miaka hiyo 6 hakukaa Unguja tu akitazama mafundi. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi hata mji wa Mataka katika nchi ya Wayao. Mwaka 1876 aliwaongoza watu zaidi ya 50, waliokuwa watumwa wakapewa uhuru, kuwarudisha bara. Walikuwa wakielekea Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaona nchi ni njema, wakaomba wakae hapo, naye akakubali. Ndivyo ulivyoanza mji wa Kikristo wa Masasi. Katika safari na katika ujenzi hakuiacha kalamu. Injili ya Mathayo na Zaburi zilitangulia, vitabu vingine vikafuata, na kabla hajafa alikwisha kulifasiri Agano Jipya lote.

Mwaka 1882 alikwenda Uingereza, akarudi Unguja mwezi wa Agosti. Siku chache baada ya kufika akafa ghafula, umri wake miaka 54. Akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima kwa Kiswahili hakuiona kwa macho yake. Wenziwe waliimaliza, ikatoka mwaka 1891, miaka 9 baada ya kufa kwake.

Basi, ndugu zetu, na hasa ninyi walimu wenzetu, tujifunze nini? Sisi tuandikao haya twataka kuungama jambo. Zamani kidogo tulikuwa na darasa la wakatekumeni katika kijiji kimoja. Wakati wa mavuno wanafunzi wakapungua hata wakabaki watatu, nasi tukaacha kwenda. Tulisema moyoni ya kuwa mavuno yakiisha tutarudi. Mavuno yakaisha, lakini sasa tuliona haya kuonekana, maana watu watatuuliza tulikuwa wapi. Uvivu ulituweka mbali kwa mwezi mmoja, haya ikatuweka mbali kwa miezi mitano. Tuliporudi, wawili katika wale watatu walikuwa wamekwisha kata tamaa, na mmoja wao hakurudi tena hata leo. Hasara hiyo ni yetu, nasi tutaulizwa.

Ndiyo sababu maisha ya Askofu Steere yanatugusa. Tukitafuta mtu asiyepungukiwa hata siku moja, hatutampata. Yeye naye alianza mambo akayaacha, naye alipanda merikebu akaenda kwao. Lakini kazi aliyojua kuwa amepewa na Mungu aliishika hata mbali nayo, na alipoitwa tena alirudi pasipo kuona haya, wala hakungoja mambo yawe mema kwanza. Alirudi wakati yalipokuwa mabaya kabisa. Kudumu ni kufanya sehemu ya leo leo, na ukianguka ni kurudi upesi, kabla haya haijaota mizizi.

Mwalimu mwenye wanafunzi watatu na awafundishe hao watatu. Aliyeacha sala za jioni nyumbani mwake na aanze jioni hii. Mzee aliyekata tamaa ya kujifunza kusoma na ashike tena kitabu chake, ajifunze mstari mmoja. Na yule aliyeacha darasa lake, kama sisi tulivyoacha, asingoje Jubilei nyingine. Huenda kazi yetu tusione mwisho wake, kama Askofu Steere hakuiona Biblia nzima. Lakini watakaoimaliza wataikuta mahali tulipoiacha, basi na tuifikishe mbele kadiri tuwezavyo.

Mwenyezi Mungu, aliyeanza kazi njema ndani yetu, atujalie kudumu hata mwisho. Amina.