Bob Marley na Nyimbo za Vita na Amani: Kutoka Trench Town hadi Uwanja wa Rufaro

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo tarehe 11 Mei, wapenzi wa muziki katika pembe mbalimbali za dunia humkumbuka Robert Nesta Marley, mwimbaji wa Jamaica aliyefariki dunia mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki picha yake ingali inaonekana kwenye fulana, kwenye kuta za vinyozi na kwenye vyombo vya usafiri, na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake wanaziimba nyimbo zake kwa moyo. Wengi humfahamu kwa nyimbo za mapenzi na za furaha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu vita na amani, na aliifanya akiishi katika jiji ambamo milio ya risasi haikuwa jambo la ajabu.

Marley alizaliwa tarehe 6 Februari, 1945, katika kijiji cha Nine Mile, jimbo la Saint Ann, wakati Jamaica ikiwa bado koloni la Uingereza. Mama yake, Cedella Malcolm, alikuwa binti mweusi wa familia ya wakulima. Baba yake, Norval Marley, alikuwa mzungu aliyemzidi mama kwa miaka mingi, ambaye hakuishi na familia hiyo na alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka kumi. Kijana huyo alikua akidhihakiwa kwa rangi yake, weusi wakimwona si mwenzao na weupe wakimkataa. Suala la rangi ya mtu na thamani yake, ambalo baadaye lingekuwa kiini cha wimbo wake mkubwa juu ya vita, alilijua kwanza katika maisha yake mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mama na mwana walihamia Kingston, mji mkuu wa Jamaica, wakaishi Trench Town, mtaa wa watu maskini uliojaa vijana wasio na ajira. Huko Marley alijifunza ufundi wa kuchomelea vyuma, lakini moyo wake ulikuwa katika muziki. Mwaka 1963, yeye na rafiki zake Peter Tosh na Bunny Livingston walikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha kundi lililokuja kujulikana kama The Wailers.

Jamaica ilikuwa imepata uhuru tarehe 6 Agosti, 1962, na matumaini ya wananchi yalikuwa makubwa. Lakini katika mitaa ya Kingston magenge ya vijana yalianza kupigana kwa visu na baadaye kwa bunduki. Wimbo wa kwanza wa The Wailers uliopata umaarufu, Simmer Down, uliotamba nchini humo mwanzoni mwa mwaka 1964, uliwasihi vijana hao watulize hasira zao kabla mambo hayajaharibika. Marley alikuwa na umri wa miaka 18 alipourekodi. Kwa hiyo, safari yake ya umaarufu ilianza kwa wimbo wa amani ulioelekezwa kwa vijana wa mtaa wake, watu aliowajua kwa majina.

Umaarufu huo haukuleta fedha. Mwaka 1966, siku chache baada ya kufunga ndoa na Rita Anderson, Marley alisafiri kwenda jimbo la Delaware nchini Marekani, ambako mama yake alikuwa amehamia, akafanya kazi za vibarua ili akusanye mtaji wa muziki. Alipokuwa huko, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliitembelea Jamaica mwezi Aprili na kupokewa na umati mkubwa wa waumini wa Rastafari, wanaomheshimu mfalme huyo kwa namna ya pekee. Rita alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumwona. Aliporejea nyumbani, Marley naye alizama taratibu katika imani hiyo, na kuanzia hapo Afrika ikawa msingi wa mawazo yake.

Mwaka 1972 kundi hilo liliingia mkataba na kampuni ya Island Records ya London, na mwaka uliofuata albamu zake mbili, Catch a Fire na Burnin', ziliutambulisha muziki wa rege kwa wasikilizaji wa Ulaya na Marekani. Tosh na Livingston walipojitenga, Marley aliendelea kuongoza bendi, akisaidiwa na waimbaji watatu wanawake waliojulikana kama I Threes: mkewe Rita, Judy Mowatt na Marcia Griffiths.

Aprili 1976 ilitoka albamu ya Rastaman Vibration, ikiwa na wimbo uitwao War. Maneno yake mengi hayakutungwa studio. Yalichukuliwa katika hotuba ya Mfalme Haile Selassie mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa jijini New York, tarehe 4 Oktoba, 1963, miezi michache baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuundwa jijini Addis Ababa. Hoja ya hotuba hiyo ilikuwa kwamba amani ya kudumu haiwezi kupatikana duniani maadamu rangi moja ya watu inajiona bora kuliko nyingine, maadamu haki za binadamu zinagawiwa kwa kuangalia ngozi, na maadamu Waafrika wa kusini mwa bara wanatawaliwa kwa mabavu.

Hotuba za viongozi huhifadhiwa katika majalada na husomwa na wachache. Marley aliitoa hotuba hiyo katika jalada, akaiweka juu ya ngoma na gitaa la besi, na watu ambao wasingesoma kumbukumbu za Umoja wa Mataifa wakaijua kwa moyo. Wakati nao ulikuwa mwafaka. Msumbiji na Angola zilikuwa zimepata uhuru mwaka mmoja tu kabla yake, Rhodesia na Namibia zilikuwa bado mikononi mwa walowezi na makaburu, na Juni mwaka huo huo wanafunzi wa Soweto nchini Afrika Kusini waliuawa kwa risasi walipoandamana.

Miezi michache baadaye vita viliufikia mlango wa nyumba yake. Jamaica ilikuwa inaelekea katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1976, na ushindani kati ya chama cha PNP cha Waziri Mkuu Michael Manley na chama cha upinzani cha JLP kilichoongozwa na Edward Seaga ulikuwa umegeuka mapambano ya silaha baina ya magenge ya mitaani. Marley alikubali kutumbuiza bila malipo katika tamasha la kuleta utulivu lililopangwa kufanyika tarehe 5 Desemba. Usiku wa tarehe 3, watu wenye bunduki walivamia makazi yake katika Barabara ya Hope. Marley alijeruhiwa kifuani na mkononi, Rita alipigwa risasi kichwani, na meneja wake, Don Taylor, aliumia vibaya. Wote walipona.

Siku mbili baadaye, Marley alipanda jukwaani akiwa na majeraha na kuwaimbia maelfu ya watu waliofurika katika bustani ya mashujaa wa taifa jijini Kingston. Kisha aliondoka nchini na kuishi uhamishoni, kwa sehemu kubwa jijini London, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Huko alirekodi albamu ya Exodus iliyotoka mwaka 1977, na mwaka huo huo madaktari waligundua kuwa jeraha katika kidole gumba cha mguu wake lilikuwa saratani ya ngozi.

Aliyemrejesha nyumbani hakuwa waziri wala balozi. Viongozi wa magenge mawili hasimu ya Kingston, Claudie Massop na Bucky Marshall, walikuwa wamekubaliana kusitisha mapigano, nao wakamwomba aje aongoze tamasha la amani. Tarehe 22 Aprili, 1978, katika Uwanja wa Taifa, Marley aliwaita jukwaani Manley na Seaga, akaishika mikono ya mahasimu hao wawili na kuiunganisha juu ya kichwa chake mbele ya umati. Picha ya tukio hilo ni miongoni mwa picha mashuhuri zaidi katika historia ya Karibi.

Ukweli unataka hadithi hiyo isiishie hapo. Usitishaji wa mapigano haukudumu. Massop aliuawa mwaka 1979 na Marshall mwaka 1980, na mwaka huo wa uchaguzi watu zaidi ya 800 walipoteza maisha nchini Jamaica. Wapo waliosema kuwa tamasha lile halikuwa na maana. Lakini Marley mwenyewe hakuwahi kuichukulia amani kama jambo la kushikana mikono tu. Wimbo wake wa mwaka 1976 ulikuwa umekwisha kueleza kuwa penye dhuluma amani haipati mizizi. Mitaa ya Kingston Magharibi ilibaki na njaa, ukosefu wa kazi na bunduki, na hayo hayakuwa mambo ambayo mwimbaji angeweza kuyaondoa kwa usiku mmoja.

Mwezi Juni 1978 alitunukiwa jijini New York nishani ya amani iliyotolewa kwa niaba ya Waafrika, na kabla ya mwaka kwisha alikanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza, akipitia Kenya na kufika Ethiopia. Mwaka uliofuata alitoa albamu ya Survival, ambayo jalada lake lilipambwa kwa bendera za mataifa ya Afrika. Ndani yake ulikuwamo wimbo uitwao Zimbabwe, uliotetea haki ya kila taifa kujiamulia mambo yake na kuwaonya wapigania uhuru wasije wakagombana wao kwa wao.

Wimbo huo ulitoka wakati vita vya ukombozi wa Rhodesia vikiwa ukingoni. Kwa wasomaji wa Tanzania, historia hiyo si ya mbali. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963, wapiganaji wa Zimbabwe walipata mafunzo katika ardhi yetu, na Mwalimu Julius Nyerere aliongoza Nchi za Mstari wa Mbele zilizosimama nao hadi Mkataba wa Lancaster House ulipotiwa saini jijini London tarehe 21 Desemba, 1979. Mazungumzo na medani za vita vilikuwa na watu wake. Marley alichangia kwa kuifanya dunia ilitamke jina la Zimbabwe kabla halijaandikwa rasmi katika ramani.

Alipoalikwa kwenye sherehe za uhuru, aligharamia mwenyewe usafirishaji wa vyombo vya bendi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili, 1980, katika Uwanja wa Rufaro jijini Salisbury, ambao leo ni Harare, bendera ya Uingereza ilishushwa na bendera ya taifa jipya ikapandishwa mbele ya wageni kutoka mataifa mengi. Nje ya uwanja walibaki wananchi wengi waliotaka kuingia, na waliposukuma milango polisi walifyatua mabomu ya machozi. Moshi ulifika hadi jukwaani na muziki ukakatika kwa muda, kisha Marley akarudi na kuendelea. Kwa kuwa watu wa kawaida wengi walikuwa wamekosa kumwona, alitumbuiza tena kwa ajili yao.

Hayo yalikuwa kama maagano yake na Afrika. Septemba mwaka huo alianguka akifanya mazoezi ya kukimbia katika bustani ya Central Park, New York, ikabainika kuwa saratani ilikuwa imeenea mwilini. Aliimba mara ya mwisho hadharani jijini Pittsburgh tarehe 23 Septemba, 1980, kisha akapelekwa Ujerumani kwa matibabu ambayo hayakufaulu. Alifariki katika hospitali jijini Miami, akiwa njiani kurejea nyumbani.

Mazishi ya kitaifa yalifanyika Jamaica tarehe 21 Mei, 1981. Wakati huo Seaga alikuwa Waziri Mkuu na Manley kiongozi wa upinzani. Wapiga kura walikuwa wamewabadilishia viti. Wanasiasa hao wawili, ambao mikono yao iliunganishwa juu ya kichwa cha marehemu miaka mitatu kabla, walihudhuria wote wawili kumuaga. Mwili wake ulirudishwa Nine Mile, kijiji alikozaliwa, na kuzikwa huko. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliuingiza muziki wa rege wa Jamaica katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Nyimbo za amani zimeimbwa katika kila kizazi, na nyingi husahauliwa vita vinapokwisha au vinapoanza upya. Za Marley zimedumu kwa sababu hazikumwomba aliyeonewa anyamaze ili pawe na utulivu. Zilimtaka mwenye nguvu atende haki na zilimtaka kijana mwenye kisu akirudishe alani, na aliyeziimba alikuwa tayari kupanda jukwaani akiwa bado na jeraha. Mikono aliyoiunganisha ilitengana tena mara muziki ulipokoma. Kuishikanisha kila siku, kwa sheria, kwa kura na kwa riziki iliyo halali, ni kazi iliyobaki kwa viongozi na wananchi wenyewe.