Maisha ya Simón Bolívar

Napenda kuwasimulia kwa ufupi habari za Simón Bolívar, aliyeongoza vita vya kuzitoa nchi kadha za Amerika ya Kusini katika utawala wa Hispania.

Asili yake ni Wabaski, watu wakaao kwenye milima ya mpakani mwa Hispania na Ufaransa. Jina lake ni la kijiji cha huko. Wazee wake walivuka bahari katika karne ya 16 wakahamia Venezuela, na ukoo ukatajirika kwa mashamba na kwa jasho la watumwa.

Simón alizaliwa Caracas tarehe 24 Julai, 1783. Kabla hajatimiza miaka 3 baba yake alifariki, na mama yake akafuata mwaka wa 1792. Aliyemnyonyesha alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kiafrika, jina lake Hipólita. Bolívar hakumsahau. Mwaka wa 1825, alipokuwa mtu mkubwa sana, alimwandikia dada yake amtunze mama huyo kama mzazi.

Aliposhindwa vitani alikimbilia visiwani. Huko Rais Pétion wa Haiti, nchi ya watumwa waliojikomboa wenyewe, alimpa bunduki na baruti, kwa sharti kwamba awape watumwa uhuru. Bolívar aliahidi. Mwaka wa 1816 alitangaza uhuru wao, lakini aliwataka wanaume washike silaha kwanza. Watumwa wake mwenyewe aliwaacha huru.

Mwaka wa 1819 aliivuka milima ya Andes pamoja na askari wake, katika baridi kali iliyoua wengi, akashinda pale Boyacá tarehe 7 Agosti. Ushindi ulipatikana, lakini bunge halikuwafungua watumwa wote. Sheria ya 1821 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa tu, nao sharti watumike kwanza mpaka wawe na miaka 18.

Bolívar alifariki karibu na Santa Marta tarehe 17 Desemba, 1830, akiwa na miaka 47, na muungano alioujenga ukivunjika. Utumwa ulikomeshwa Venezuela mwaka wa 1854.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Mimi naona Bolívar alilipa sehemu ya deni lake, na watumwa wakangoja miaka 38 mpaka likaisha.