LUDWIG VON HÖHNEL: BAHARIA ALIYETAFUTA MAZIWA YA KASKAZINI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka vyama vya shule hupanga safari, na kila mwaka utasikia wanafunzi wakisema wangependa kwenda Ziwa Turkana, wapige mahema ufuoni na kupiga makasia majini. Ni ndoto nzuri, lakini si mchezo. Kabla hatujafunga virago, hebu tusome maisha ya mtu mmoja aliyefanya safari mbili kubwa kutafuta maziwa ya kaskazini. Ya kwanza ilimfikisha Ziwa Turkana. Ya pili ilipanda mto wetu wa Tana, ikaenda kutafuta ziwa katika nchi hii yetu ya Kaskazini Mashariki. Mtu huyo ni Ludwig von Höhnel. Jina lake ni gumu kutamka, lakini maisha yake yana mafunzo mengi.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Höhnel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1857 katika mji wa Pressburg. Siku hizi mji huo unaitwa Bratislava, nao ni mji mkuu wa Slovakia. Wakati ule ulikuwa chini ya ufalme mkubwa wa Austria. Alipokua alijiunga na jeshi la wanamaji la ufalme huo, akawa afisa. Huko alijifunza kazi iliyokuja kumpa sifa, nayo ni kutumia dira, saa na vyombo vya kupimia jua na nyota ili kujua chombo kiko wapi baharini. Kumbe mtu anayeweza kujua alipo katikati ya bahari isiyo na alama anaweza pia kujua alipo katikati ya jangwa.

Mwaka 1886 alikuwa akitumikia katika meli ya Rudolf, mwana wa mfalme na mrithi wa kiti. Hapo ndipo alipokutana na Count Sámuel Teleki, tajiri wa Kihungaria aliyekuwa akipanga kuja Afrika Mashariki kuwinda. Rudolf alimshauri Teleki apite Baringo aende kaskazini, akalitafute ziwa kubwa ambalo habari zake zilikuwa zimefika pwani kwa midomo ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Höhnel akaomba naye aende. Akakubaliwa, na kazi yake ikawa kuchora ramani.

MATAYARISHO YA ZANZIBAR

Mwishoni mwa mwaka huo wasafiri hao walikuwa Zanzibar wakijitayarisha. Hapa nitasimama kidogo, maanake wengi hufikiri safari huanza siku ya kuondoka. Sivyo. Huanza siku ya kuhesabu mizigo.

Njiani hakukuwa na duka, benki wala barabara. Chakula kilinunuliwa kwa wenyeji kwa shanga, nguo na waya. Lakini huwezi kubeba shanga zozote tu, kwa sababu kila kabila lilikuwa na rangi na aina yake. Ukifika mahali na shanga wasizozipenda, ni kama umebeba mchanga. Vitu vyote hivi, pamoja na mahema, dawa na bunduki, vilifungwa kuwa mizigo ya kilo 30 hivi, na kila mzigo ukawekwa juu ya kichwa au bega la binadamu. Kwa hiyo walihitaji wapagazi mamia. Na wapagazi nao hula! Ukiongeza watu unaongeza chakula, na ukiongeza chakula unahitaji watu wa kukibeba. Hesabu hiyo iliwasumbua wasafiri wengi wa zamani.

Jambo la maana zaidi lilikuwa watu wanaoijua njia. Teleki na Höhnel walimchukua Jumbe Kimemeta wa Pangani, Mswahili mfanyabiashara wa pembe aliyezoea safari za bara. Miaka michache kabla, mnamo 1883, alikuwa pamoja na Joseph Thomson alipopita Umasaini. Mwingine alikuwa Dualla Idris, Msomali aliyewahi kufanya kazi na Stanley huko Kongo, ambaye aliongoza askari wa Kisomali wa msafara. Baadaye alifuatana na Lugard hadi Uganda. Kwetu sisi wa Garissa, jina hilo linafaa kukumbukwa.

SAFARI YA KWANZA, 1887 HADI 1888

Waliondoka Pangani mapema mwaka 1887. Walifika Kilimanjaro, na Teleki akapanda mpaka penye theluji, kama mita 5,300. Baadaye wakavuka nchi ya Wakikuyu, ambako kulitokea mapigano na wenyeji, na Teleki akapanda Mlima Kenya mpaka kama mita 4,700. Mwisho wa mwaka walikuwa Baringo, wakikusanya chakula cha safari ya kaskazini. Höhnel aliugua sana mara kadhaa, lakini kalamu hakuiweka chini. Kila kilima na kila mto ulipimwa na kuandikwa.

Mwezi wa Februari 1888 waliondoka Baringo. Nchi iliendelea kuwa kavu, mawe meusi ya volkano yakawa mengi, na maji yakawa machache. Mwanzoni mwa Machi wakaliona ziwa mbele yao, kubwa, la rangi ya kijani, halina mwisho machoni. Watu waliokuwa na kiu kali wakakimbilia majini. Loo! Maji yalikuwa ya magadi. Hebu fikiria, umetembea juani siku nyingi, umefika ufuoni mwa ziwa ambalo urefu wake ni zaidi ya kilomita 250, na bado una kiu.

Teleki akaliita ziwa hilo Rudolf, na ziwa dogo walilolifikia mwezi uliofuata akaliita Stefanie, jina la mke wa Rudolf. Siku hizi hilo la pili linaitwa Chew Bahir, nalo liko Ethiopia. Vitabu vya zamani husema ati Wazungu hawa waliyagundua maziwa hayo. Lakini Waelmolo walikuwa wakivua samaki ufuoni hapo, wakielea juu ya magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja. Waturkana, Wasamburu na Warendile waliyajua maji hayo kwa majina yao. Mtu hawezi kugundua mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamo ndani wanapika. Kitu kipya kilichofanywa na Höhnel ni kuliweka ziwa kwenye ramani, na hiyo ni kazi kubwa, lakini ni kazi tofauti. Mwaka 1975 serikali ya Kenya ililipa ziwa jina la Turkana.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Chakula kilikwisha na mvua ilikuwa imekosekana. Wapagazi wengi walikufa njiani. Mwishowe msafara ulinyang'anya mifugo ya Wapokot ili usife njaa. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini safari hii mwenyeji hakupona. Hesabu ya chakula ilipowashinda wageni, aliyelipa deni ni mtu ambaye hakualikwa katika mpango huo. Hili ni jambo la kufikiria sana.

Walifika Mombasa mwezi wa Oktoba 1888. Miezi mitatu tu baadaye, Januari 1889, Rudolf akafariki. Höhnel aliandika kitabu cha safari hiyo, kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1892 na kwa Kiingereza mwaka 1894.

SAFARI YA PILI: TANA NA LORIAN

Sasa tufike nyumbani. Mwaka 1892 kijana tajiri wa Marekani, William Astor Chanler, aliyekuwa na miaka 25 tu, alimwomba Höhnel wasafiri pamoja. Mpango wao ulikuwa kuanzia upande wa Lamu, kuufuata mto Tana kwenda juu, kisha kuingia kaskazini mpaka kwa Warendile na nchi ambazo ramani za Ulaya zilikuwa tupu. Mwezi wa Septemba waliondoka pwani na wapagazi, askari, ngamia na punda.

Mto Tana ni njia, lakini ni njia yenye tabia zake. Unapinda kama nyoka, mchanga wake huhama, na viboko na mamba wamejaa. Wapokomo ndio mabingwa wa mto huu. Huchonga mtumbwi katika gogo moja, na mtu husimama akiusukuma kwa mti mrefu pale maji yanapokuwa machache. Msafara ulipanda hivyo, ukapita sehemu hizi ambapo leo kuna mji wa Garissa, ingawa wakati ule mji haukuwapo. Ukafika Hameye, mbali juu ya mto, na hapo wakaweka kambi kubwa.

Kutoka Hameye, mwezi wa Desemba, Chanler na Höhnel walikwenda na watu wachache kuutafuta mto Ewaso Nyiro na ziwa lililosemwa liko mwisho wake, Lorian. Walipita maporomoko ambayo mpaka leo yanaitwa Maporomoko ya Chanler. Wakaufuata mto siku baada ya siku, wakitazamia kuona maji mapana. Mwanzoni mwa 1893 walifika. Hapakuwa na ziwa. Palikuwa na kinamasi, matete na matope.

Je, waliodanganywa ni wao? Mimi sidhani. Mtu wa Habaswein anajua kwamba Lorian huishi kwa mvua za mbali, zile zinazonyesha Mlima Kenya na Nyandarua. Mwaka wa mafuriko hujaa na maji hupita mpaka Lagh Dera. Mwaka wa ukame ng'ombe hutembea mahali palipokuwa na maji. Kwa hiyo aliyesema ni ziwa huenda alisema kweli, na aliyesema ni matope alisema kweli pia. Kinachofaa kuulizwa sio tu ziwa liko wapi, bali liko lini.

Baada ya hapo bahati iliwakimbia. Ngamia na punda walikufa karibu wote. Tarehe 24 Agosti 1893 kifaru alimshambulia Höhnel na kumtoboa vibaya sehemu ya chini ya tumbo. Wapagazi walimbeba kwa machela siku nyingi mpaka pwani. Aliokoka, lakini safari zake za uchunguzi zikaisha. Chanler alibaki, na mwishoni mwa mwaka wapagazi wengi wakamwacha wakarudi pwani. Mtu akishabebeshwa mizigo ya mnyama aliyekufa na haoni mwisho wa safari, si ajabu akiondoka.

MAISHA YAKE YA BAADAYE

Höhnel alirudi katika kazi ya wanamaji. Kuanzia 1899 alitumikia karibu na mfalme Franz Joseph kwa miaka kadhaa. Mwaka 1905 alitumwa Ethiopia kwa Mfalme Menelik wa Pili kwa ajili ya mapatano ya biashara. Alistaafu mwaka 1909 akiwa na cheo cha juu, akaandika habari za maisha yake zilizotoka mwaka 1926, na akafariki Vienna tarehe 23 Machi 1942. Kuna kinyonga wa milima ya Kenya aliyepewa jina lake, na bonde moja la Mlima Kenya pia.

Kisiwa cha kusini cha Ziwa Turkana nacho kiliwahi kuitwa kwa jina lake. Mwaka 1934, Höhnel akiwa bado hai, watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua ndogo mpaka kisiwa hicho. Hawakuonekana tena. Upepo wa ziwa lile huamka ghafula, na mawimbi yake yanafanana na ya bahari.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tuhesabu maji na chakula cha kwenda na cha kurudi, tusitegemee kuomba kwa watu ambao wao wenyewe wana ukame. Tukiona ziwa tusidhani tumepata maji ya kunywa.

Pili, tumtafute mwenyeji kabla ya kutafuta hema. Bila Kimemeta, Dualla na wapagazi, Höhnel asingekuwa na ramani ya kuchora.

Tatu, tuulize majira. Mto na kinamasi vya Januari sio vya Mei.

Nne, mwenyeji wa ufuoni akisema upepo haufai, mashua ibaki nchi kavu hata kama basi la shule linangoja. Na asiyevaa boya asiingie majini.

Majina ya Teleki, Chanler na Höhnel yako kwenye vitabu. Majina ya wapagazi wengi waliolala njiani hayako. Wanachama wenzangu, siku tutakapopanga safari yetu ya ziwani, karatasi ya kwanza tuiandike majina ya wote watakaokwenda, mpishi na dereva wakiwemo, na tusiikunje mpaka wote wamerudi. Safari njema.