CHARLES TAYLOR, FUNDI ALIYEIPA NDEGE MOTO

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote ni nani waliorusha ndege ya kwanza yenye injini, atakujibu upesi kwamba ni ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Jibu ni sahihi, na mwalimu atampa alama zake. Lakini hebu muulize injini yenyewe iliundwa na nani, uone atakavyokuna kichwa! Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Basi leo nawaletea maisha ya baharia mwenyewe, Charles Edward Taylor.

Taylor alizaliwa tarehe 24 Mei 1868 katika jimbo la Illinois, akakulia Nebraska. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akawa tarishi wa gazeti. Hata hivyo, mikono yake ilipenda vyuma. Alijifunza ufundi polepole, na baadaye akahamia mji wa Dayton, Ohio. Huko ndiko ndugu Wright walikokuwa na duka la kutengeneza na kuuza baiskeli. Mwaka 1901 walimwandika kazi kwa mshahara wa senti 30 kwa saa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na kulinda duka wenyewe wakiwa mbali wakijaribu ndege zao zisizo na injini.

Mwishoni mwa 1902 ndugu hao walihitaji injini ya petroli iliyo nyepesi. Waliandikia viwanda kadhaa, lakini hawakupata iliyowafaa. Wakamgeukia Taylor. Na kumbe fundi huyu hakuwa amewahi kuunda injini hata siku moja! Alichowahi kufanya ni kujaribu kukarabati injini ya gari mara moja tu. Hata hivyo hakusema haiwezekani. Walichora vipande vya injini kwenye makaratasi, naye akayabandika mbele ya meza yake ya kazi. Mashine alizokuwa nazo zilikuwa chache: ya kukereza vyuma, ya kutoboa matundu, na vifaa vya mkono.

Kazi ya kranki peke yake si mchezo. Taylor alichukua bamba la chuma cha pua lenye uzito wa kilo 45, akachora umbo juu yake, akatoboa matundu mengi kuufuata mchoro, kisha akaondoa vipande vya ziada kwa tindo na nyundo. Baada ya kukereza, kranki ilibaki na uzito usiofika kilo 9. Mwili wa injini ulisubiwa kwa alumini ili uwe mwepesi. Kwa muda wa wiki 6 injini ya silinda 4 ikawa tayari. Tarehe 12 Februari 1903 iliwashwa kwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata, petroli ilidondokea sehemu zinazozunguka, injini ikakwama na mwili wake ukapasuka. Wengine wangekata tamaa. Taylor na mabwana zake walingoja mwili mwingine usubiwe, wakaanza upya, na kufikia Mei injini ilikuwa ikinguruma tena, ikitoa nguvu za farasi 12.

Sasa tuje kwenye namna ya kuiwasha, maana hapo ndipo penye utamu. Injini hii haikuwa na kabureta kama tunayoijua. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kwenye mkebe uliofungwa juu, ikaingia katika kijisanduku kilichopashwa moto na injini, ikageuka mvuke na kuchanganyika na hewa. Lakini injini ikiwa baridi, mvuke utatoka wapi? Ni kama taa ya karabai: usipoipasha kwanza kwa spiriti, mafuta ya taa hayatageuka gesi. Kwa hivyo walilazimika kutia matone machache ya petroli katika kila silinda. Halafu walileta sanduku la betri na koili, wakaliunganisha na injini, kwa sababu magneto haikuweza kutoa cheche kabla injini haijazunguka. Mwishowe watu wawili walishika rafadha, yaani zile pangaboi mbili, wakazivuta kwa pamoja. Injini ikiitika, sanduku liliondolewa na kuachwa chini.

Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, North Carolina, injini iliwashwa, ikaachwa ipate joto kwa dakika chache, kisha Orville akapaa kwa sekunde 12. Taylor hakuwapo. Alikuwa Dayton, akilinda duka.

Hata leo, mtu anayerusha ndege kubwa ya mfano yenye injini ya petroli hufuata njia inayofanana na hiyo. Kwanza hufunga choki huku umeme wa plagi umezimwa, akazungusha pangaboi ili petroli ivutwe ndani. Kisha huwasha umeme na kuzungusha tena. Injini ikikohoa, hufungua choki na kuzungusha mpaka iwake, huku mwenzake ameishikilia ndege isije ikamkata vidole.

Taylor aliendelea na ufundi. Mwaka 1911 rubani Calbraith Rodgers alipoanza safari ya kuvuka Marekani kwa ndege, Taylor alimfuata kwa gari moshi, akiitengeneza ndege kila ilipoanguka. Lakini maisha yana milima na mabonde. Alihamia California, mkewe akafariki, na fedha alizoweka katika ardhi zikapotea. Miaka ya 1930 alikuwa kibarua katika kiwanda cha ndege, na wenzake hawakujua yeye ni nani. Mwaka 1937 Henry Ford alimwita asaidie kulirudisha duka la ndugu Wright katika hali yake ya zamani kwenye makumbusho yake huko Michigan. Orville naye alipofariki tarehe 30 Januari 1948, wosia wake ulimwachia fundi wake dola 800 kila mwaka. Hata hivyo, uzeeni Taylor alikutwa katika wadi ya maskini, ndipo watu wa sekta ya ndege wakamchangia. Alifariki tarehe 30 Januari 1956, miaka minane kamili baada ya Orville.

Siku hizi Marekani huwaadhimisha mafundi wa ndege kila tarehe 24 Mei, siku aliyozaliwa. Heshima hiyo ilikuja yeye akiwa kaburini.

Wenzangu, wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba kujipaka grisi ni kazi ya waliofeli mtihani. Tafadhali tufikiri tena. Bila matone yale ya petroli na mikono ya Taylor, ndege ya ndugu Wright ingebaki mchangani. Basi tuwape mafundi wetu heshima yao wangali hai.